Skrini inaonyesha nembo, kerneli ikianza tu inakuwa nyeusi: dreva ya skrini tunaichunguzaje hatua za mwanzo?

BitiYaChini (mleta mada)

Wakuu salaam. Naandika dreva ya skrini (kwa DRM, sehemu ya Linux inayoendesha skrini) kwa ajili ya bodi ya ARM yenye paneli ya 1366×768 na mlango mmoja wa HDMI. U-Boot, programu inayotangulia kerneli, inaweka nembo vizuri kabisa. Kerneli inaipokea ile fremubafa (memori yenye picha ya skrini) kupitia simpledrm, dreva rahisi ya muda, maandishi yanaanza kutiririka, halafu kabla hayajafika mwisho skrini inakuwa nyeusi ti.

Nikipakia dreva yangu baada ya hapo picha inarudi, ila imelala upande, na ndani yake kuna vijistari vifupi vya takataka. HDMI ndiyo kabisa: inang'ang'ania 1024×768 wakati monita ni ya 1920×1080.

Nimesoma rejista (vihifadhi vya mipangilio) zote za kidhibiti cha skrini wakati wa giza. Zina thamani zilezile ilizoacha U-Boot, hakuna hata moja iliyobadilika. Hapo ndipo nilipokwama. Natanguliza shukrani.

---

Msomaji_Kimya

Nafuatilia. Ngoja waje wenyewe.

---

fundi_waya

Mkuu, hayo ni matatizo matatu na umeyafunga kitita kimoja. Tuanze na la giza, mengine yanasubiri.

Kwanza jua kilichokufa ni mashine au ni skrini peke yake. Unganisha seriali (waya wa kusomea maandishi ya kerneli kwenye kompyuta nyingine). Huna seriali, ingia kwa ssh. Huna mtandao, bonyeza Caps Lock uone kama kitaa cha kibodi kinaitika. Watu wanakesha na rejista za skrini kumbe kerneli imekufa kwenye dreva ya USB, na skrini haina kosa lolote.

Kama mashine iko hai, achana na rejista kwanza. Angalia namba za muda kwenye logi na uzilinganishe na sekunde picha ilipokatika. Katika hatua hizi za mwanzo huo muda unakwambia mengi kuliko thamani za rejista, kwa sababu Linux ina ratiba inayojulikana ya kuzima vitu.

Ikikaribia kumaliza kuanza, kerneli inapita kwenye kloki (mapigo yanayoendesha saketi) zote, na kila kloki ambayo hakuna dreva iliyoiomba inazimwa. Kazi hiyo inafanywa na `clk_disable_unused`. Kloki ya pikseli iliwashwa na U-Boot, lakini U-Boot haikumwachia mtu ujumbe. Machoni pa kerneli hiyo ni taa inayowaka kwenye chumba kisicho na mtu, basi inaizima.

Na ndiyo maana rejista zako unaziona ziko sawa. Kloki inayokuwezesha kuzisoma ni ya basi, kloki inayosukuma pikseli ni nyingine. Ya pili ikizimwa, ya kwanza haina habari.

Ongeza haya kwenye amri ya kuanzisha kerneli:

`clk_ignore_unused pd_ignore_unused`

Picha ikibaki, umempata mwizi. Ila usije ukaiacha hivyo ukasema umemaliza kazi. Hicho ni kipimo tu.

---

printk_kila_mahali

Mimi ningejaza printk (amri ya kuandika kwenye logi) kuanzia mwanzo wa probe (hatua dreva inapoanza kushika kifaa) hadi mwisho, nione inaishia wapi. Mambo ya kubashiri muda ya nini?

---

KashePembeni

@printk_kila_mahali mkuu, hilo linafaa mahali pengi, lakini hapa lina mtego. Dreva ya skrini inapojisajili, konsoli ya fremubafa nayo inajipachika, na modi (ukubwa na kasi ya picha) ya kwanza inawekwa huku kufuli la konsoli likiwa limeshikwa. Kodi yako ikikwama humo ndani, ujumbe wako wa printk unaingia kwenye bafa ya logi lakini haufiki popote, hata kwenye seriali. Unabaki unaapa kwamba mstari fulani haukufikiwa, kumbe ulishapitwa zamani.

Kuna kigezo cha kerneli kwa ajili ya hali hiyo: `fb.lockless_register_fb=1`. Ni cha kusakia hitilafu tu, kisikae kwenye bidhaa. Njia nyingine ni kukompaili kerneli bila konsoli ya fremubafa kabisa, halafu uweke modi kwa mkono kwa `modetest` ukiwa umeingia kwa ssh. Mimi napenda hiyo ya pili. Ukiweka modi mwenyewe unajua umeiweka saa ngapi.

---

BitiYaChini

fundi_waya, imebaki! Kabla ya hapo mstari wa mwisho kuonekana ulikuwa `clk: Disabling unused clocks`, nikawa nausoma kila siku bila kuutilia maanani.

Nimefungua `/sys/kernel/debug/clk/clk_summary`, kloki ya pikseli ina watumiaji sifuri. Nimeongeza `clocks` kwenye nodi ya simple-framebuffer ndani ya DTS (faili la maelezo ya vifaa vya bodi) na kuondoa vile vigezo. Maandishi yanafika hadi kwenye login.

Furaha ikadumu nusu dakika. Giza tena.

---

fundi_waya

Nusu dakika hasa? Tafuta kwenye logi neno `disabling` lenye jina la regyuleta (saketi inayotoa volti kwa kifaa) mbele yake.

Regyuleta zina mtindo uleule wa kloki, tofauti ni kwamba kerneli inazivumilia sekunde 30 ili moduli zinazochelewa zipate nafasi ya kuziomba. Muda ukiisha, isiyo na mwenyewe inazimwa. Kwa hiyo giza la sekunde ya pili au ya tatu, mtuhumiwa ni kloki au domeni ya umeme (sehemu ya chipu inayozimwa kwa pamoja). Giza linalokuja sekunde ya 30 na ushee ni regyuleta. Giza linalokuja pale tu dreva yako inapopakiwa ni lako mwenyewe, hahaha.

Dawa ni ileile: kwenye nodi ya simple-framebuffer taja regyuleta za paneli kwa sifa zinazoishia na `-supply`. simpledrm inazisoma na kuzishika mpaka itakapoondolewa.

---

BitiYaChini

Ndiyo yenyewe, ya umeme wa paneli. Nimeitaja na sasa imetulia. Nimeiacha inawaka tangu mchana, haijazima.

Turudi kwenye picha iliyolala.

---

KashePembeni

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa sababu picha iliyoharibika inajieleza yenyewe ukiitazama kwa utulivu.

Paneli yako ina pikseli 1366 kwa upana. Kwa baiti 4 kila pikseli, mstari mmoja ni baiti 5464. Vidhibiti vingi vinataka kila mstari uanze kwenye anwani inayogawanyika kwa 64, na 5464 haigawanyiki. Namba inayofuata inayokubali ni 5504, yaani pikseli 1376. Kodi yako ikiandika mistari ya 1366 mfululizo huku kidhibiti kikisoma kwa 1376, kila mstari unasogea pikseli 10 kushoto kuliko ulio juu yake. Hapo ndipo picha inapolala.

Usiniamini, pima. Chora mstari wima mmoja mweupe, shuka mistari 20, uone umehama pikseli ngapi. Ukikuta 200, tofauti ni 10 kwa mstari na jibu umelipata bila kufungua kodi. Ukikuta namba nyingine, igawanye vivyo hivyo, itakuonyesha kidhibiti kinaamini upana gani.

Na hili nawaambia wote wanaopita humu: acheni kujaribu fremubafa kwa kuijaza rangi moja. Skrini nzima ya bluu inaficha karibu kila kosa. Chora fremu ya pikseli moja kwenye kingo zote nne, mstari mmoja wima katikati, na kona ya juu kushoto weka mraba mwekundu. Ukingo wa kulia ukipotea, taimingi zina kasoro. Mraba ukiwa wa bluu, mpangilio wa rangi umegeuka. Mstari wima ukilala, ni hilo nililoeleza hapo juu.

Sasa vile vijistari vya takataka. Swali moja tu: vina urefu gani?

---

BitiYaChini

Nimepiga picha kwa karibu nikahesabu. Pikseli 16, vyote. Na vingine vinajirekebisha vyenyewe nikiacha mashine ifanye kazi kidogo.

---

KashePembeni

Basi kesi imeisha. Mstari wa kashe (memori ndogo ya haraka ya prosesa) kwenye prosesa nyingi ni baiti 64. Gawanya kwa 4, unapata 16. Umeandika pikseli, zimekaa kwenye kashe ya prosesa, na kidhibiti cha skrini kinasoma memori moja kwa moja bila kupitia huko. Kashe ikijaa vitu vingine, ile mistari inasukumwa kwenda kwenye memori, ndipo vijistari "vinapojirekebisha".

Tenga fremubafa kwa `dma_alloc_wc`, inayotoa memori isiyokaa kwenye kashe, au tumia wasaidizi wa GEM DMA walioko ndani ya DRM, wao wanafanya hivyo tangu mwanzo. Kuna atakayekuja kukwambia usafishe kashe kila baada ya kuchora. Itafanya kazi, na utaisahau sehemu moja.

---

Mzee_wa_EDID

EDID (taarifa ambazo monita inatoa kuhusu modi zake) ndiyo jina langu, kwa hiyo HDMI niachieni mimi.

Monita ya 1920×1080 kung'ang'ania 1024×768 maana yake DRM haikupata EDID. Wasaidizi wakikosa EDID wanaweka orodha ya modi za kawaida zisizozidi hapo. Hakikisha hivi:

`hexdump -C /sys/class/drm/card0-HDMI-A-1/edid`

Ikitoka tupu, hakuna kilichosomwa. Ikitoka kitu, baiti nane za mwanzo lazima ziwe 00 FF FF FF FF FF FF 00, na jumla ya baiti zote 128 ikigawanywa kwa 256 isibaki kitu. Ukipata FF kila mahali, hakuna aliyekujibu kwenye waya, unasoma vizuizi vya kuvuta juu tu. Ukipata 00 kila mahali, kuna kitu kimeushikilia waya chini.

Chipu ya EDID iko kwenye I2C (nyaya za mawasiliano kati ya chipu), anwani 0x50. Nyaraka za watengenezaji huandika 0xA0 kwa sababu wanahesabu na biti ya kusoma au kuandika. Linux inataka ile ya biti 7.

Na jambo linalosahaulika kuliko yote: pini ya 18 ya HDMI ni volti 5, na zinatoka KWAKO kwenda kwenye monita. Chipu ya EDID inaweza kuishi kwa umeme huo hata monita ikiwa imezimwa. Ishara ya HPD (inayosema monita imechomekwa), pini 19, mara nyingi monita inaitengeneza kutokana na volti hizohizo. Zikikosekana, huna EDID na huna HPD, na utadhani kebo ni mbovu. Weka mita kwenye pini ya 18 kabla hujaandika mstari mwingine wa kodi.

---

BitiYaChini

Mzee, sifuri. Pini ya 18 haina kitu. Kwenye mchoro wa bodi kuna swichi ya volti 5 inayoendeshwa na GPIO (pini inayodhibitiwa na programu), na kwenye DTS hakuna aliyeitaja. Nimeiweka kuwa regyuleta na kuiunganisha kwenye kiunganishi cha HDMI kwa `hdmi-pwr-supply`. EDID imekuja yote.

Ila sasa monita inasema haina ishara.

---

Mzee_wa_EDID

Tunasonga. Tubandikie baiti 18 kuanzia ya 54, hiyo ndiyo taimingi ambayo monita inaipendelea.

---

BitiYaChini

Kumi za mwanzo: `02 3A 80 18 71 38 2D 40 58 2C`, inafuata `45 00` na vipimo vya kioo.

---

Mzee_wa_EDID

Hiyo naifahamu hata usingizini. Tuisome pamoja, kuna wageni watakaopita.

02 3A ni kloki, baiti ndogo ikitangulia: 0x3A02 ni 14850, kwa vipande vya kilohezi 10, yaani megahezi 148.5. Kisha 80 18 71: tarakimu ya 7 inaungana na 80 kuwa 0x780, ambayo ni 1920. Tarakimu ya 1 inaungana na 18 kuwa 0x118, pikseli 280 zisizoonekana. Halafu 38 2D 40 kwa mtindo huohuo: 0x438 ni mistari 1080, na 0x02D ni mistari 45 isiyoonekana. 58 ni pikseli 88 kabla ya sinki (ishara ya kutenganisha mistari), 2C ni sinki yenyewe, 44. Ile 45 ya mwisho ni mistari 4 kabla ya sinki ya wima na 5 ya sinki.

Hakiki: 1920 na 280 ni 2200. 1080 na 45 ni 1125. 2200 × 1125 × 60 ni 148,500,000. Imefunga.

Kwa hiyo EDID haina neno. Sasa linganisha na kloki uliyopata KWELI. Si ile uliyoiomba. Soma `clk_summary` uniambie.

---

BitiYaChini

Niliomba 148,500,000. Imenipa 144,000,000.

---

Mzee_wa_EDID

Viwango vinaruhusu kuachana kwa asilimia 0.5, ambayo hapo ni kama megahezi 0.74. Wewe umekosa kwa 4.5. Kuna monita zitakuvumilia, yako imekataa, na iko sahihi.

PLL (saketi inayozalisha kloki) ya juu imefungwa kwenye kasi fulani na wewe unapata vigawanyo vyake tu. Kama hiyo PLL haitumiwi na mtu mwingine, weka `CLK_SET_RATE_PARENT` kwenye kloki ya pikseli ili ombi lipande hadi juu. Kama inatumiwa na wengine, tafuta PLL nyingine, la sivyo utaitengeneza picha uharibu sauti.

Na kwenye `mode_valid` ikatae modi yoyote ambayo `clk_round_rate` inaileta nje ya hiyo nusu asilimia. Mtumiaji akikosa modi kwenye orodha ataelewa. Akiiona, akaichagua, skrini ikazima, atakulaumu wewe.

---

nomodeset_tu

Si aweke nomodeset yaishe?

---

fundi_waya

@nomodeset_tu jamaa anaandika dreva. Nomodeset inaiambia dreva isifanye kazi. Tutakuwa tumemsaidia nini?

BitiYaChini, kabla hujashangilia, fanya jaribio moja. Zima kabisa sehemu ya skrini kwenye U-Boot, uwashe bodi kutoka kwenye umeme uliokatwa, si kuanzisha upya tu. Dreva yako iwashe paneli bila kurithi chochote.

Najua kuna wanaosema dreva nzuri inapokea hali iliyoachwa na programu dhibiti bila skrini kupepesa, kama i915, dreva ya Intel, inavyofanya. Ni kweli na inapendeza, lakini hiyo ni kazi ya mwisho. Ukianza kwa kurithi, hutajua ni biti zipi umeweka wewe na zipi uliwekewa. Siku kompyuta inalala na kuamka, hakuna U-Boot ya kukuwekea, na utaambiwa dreva yako ni mbovu ilhali "ilikuwa inafanya kazi".

---

CoolioWaKebo

Mimi ni kambi ya kurithi na siombi radhi. Ukizima kila kitu wakati wa probe halafu probe ikarudisha `-EPROBE_DEFER` (yaani, jaribu tena baadaye) kwa sababu paneli haijawa tayari, umebaki na skrini nyeusi na mtumiaji hajui lolote.

---

fundi_waya

Hapo uko sahihi, lakini tatizo hilo ni la mpangilio. simpledrm inaondolewa na `aperture_remove_conflicting_devices`. Watu wanaiita mstari wa kwanza wa probe kwa sababu wameona mahali. Isogeze chini. Kloki, regyuleta, reseti, paneli, intarapti, vyote omba kwanza, maana ndivyo vinavyoweza kukukatalia. Vikishakubali vyote, ndipo umwondoe simpledrm na kugusa rejista. Probe ikishindwa kabla ya hapo, maandishi ya zamani yanaendelea na kosa linasomeka kwenye skrini ileile.

Na dalili ya kuondoa mapema, kama kloki na umeme bado vinawaka, ni rahisi kuitambua: maandishi hayapotei, yanaganda katikati ya sentensi. Kidhibiti kinaendelea kusoma memori ileile, ila hakuna anayeiandika tena.

---

BitiYaChini

Nimepanga upya probe kama ulivyosema. PLL nimeifungua, HDMI inatoa 1080p vizuri.

Jaribio la kuanza bila U-Boot limeniumbua: taa ya nyuma inawaka, paneli haina picha. Nikachukua rejista zote mara mbili, U-Boot ikiwa imewasha skrini na ikiwa haijawasha, nikalinganisha kwa diff. Ndani ya kidhibiti cha skrini hakuna tofauti yenye maana. Nikapanua hadi kwenye kidhibiti cha mfumo mzima. Biti moja, inayochagua kama data ya pikseli iende kwenye paneli au HDMI. Nyaraka za sehemu ya skrini haziitaji hata mara moja.

---

KashePembeni

Mux, yaani swichi ya njia za data. Kila chipu ina biti kama hiyo na kila chipu inaificha sura tofauti. Iandikie kodi yake kwa regmap ya syscon (njia ya pamoja ya kugusa rejista za mfumo), usiiguse moja kwa moja kwa ioremap, maana rejista hiyo ina biti za watu wengine humohumo.

---

Msomaji_Kimya

Wakuu, naomba kudandia. Yangu ni paneli ya eDP (DisplayPort ya ndani ya kifaa). AUX, njia yake ya pembeni ya mawasiliano, inajibu mara moja moja, na mafunzo ya linki (hatua ya pande mbili kupatana kuhusu ishara ya data) yanashindwa mara nyingine nikizima na kuwasha haraka.

---

fundi_waya

"Haraka" ndiyo neno la kushika. Paneli ya eDP ikikatiwa umeme inataka ikae imezimwa kama milisekunde 500 kabla ya kurudishiwa, na baada ya kuupata inaweza kuchukua hadi 200 kabla haijainua HPD. Angalia namba za paneli yako usizikate. Ikiwa ilikuwa imelala tu, andika 1 kwenye DPCD (rejista za paneli) 0x600, subiri milisekunde 1, ndipo uulize kitu kingine. AUX ikijibu "subiri", si kosa, rudia. Angalau mara 7.

Halafu tubandikie 0x202 na 0x204 baada ya mafunzo kushindwa. 0x202 ikiwa 0x77, njia mbili za kwanza zimeshika kila kitu na tatizo liko kwingine. Ikiwa 0x11, kloki imeshikwa lakini usawazishaji umekataa. Fungua uzi wako lakini, huu umeshakuwa mrefu.